Jinsi Bwana Alivyomtoa Mkurugenzi wa Seoul Kwenye Korali Yetu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe huku mbele, asifiwe na kule nyuma kwenye hita, ambako watu hufika wa kwanza na kuitikia wa mwisho!

Mimi ni Faida, binti wa pili wa Mama Zawadi, yule anayecheka wakati wa matangazo. Papa Mchungaji aliniambia ushuhuda wangu niuandike kwanza, yeye ausome, ndipo mimi niwasomee ninyi, maana anakijua kinywa changu. Basi mkisikia mahali habari inaruka ghafla kama mbuzi, mjue hapo kalamu ya mtumishi wa Mungu imepita.

Ndugu zangu, wengine wamesimama hapa wakashuhudia kwamba Bwana aliwatoa kwenye pombe. Wengine aliwatoa kwa waganga. Mimi Bwana amenitoa kwa Mkorea.

Msicheke! Ninyi mlilala naye? Mimi nimelala naye chumba kimoja miaka yote! Kwetu Winson Green, hapa Birmingham, nyumba ni nyembamba, nalala na dada yangu mkubwa, Yaya Riziki, na huyo Mkorea alikuwa ukutani upande wake, na kwenye kabati, na nyuma ya mlango, kila mahali picha zake. Hata kuvaa soksi ilibidi niombe faragha. Mama hakuwahi kulishika jina lake. Alimwita Nywele Zambarau. "Huyu Nywele Zambarau anakula ugali wa nani humu ndani?" aliuliza kila alipoingia kuchukua nguo za kufua.

Historia ya huyo mtu naijua kuliko ninavyoijua ya Musa, na Bwana anisamehe, lakini hilo si kosa langu. Alizaliwa katika mji wa bandari, mtoto wa muuza samaki. Akiwa mdogo kuliko mimi alichukuliwa na kampuni ya muziki, wakamnyang'anya simu, wakampima uzito, wakamfungia kwenye chumba chenye vioo mpaka akajua kuzunguka bila kupepesa macho. Alilala sakafuni humo humo. Kisha wakamtoa mbele za watu pamoja na wenzake wanne, nywele zikiwa zambarau, na wasichana wa dunia nzima wakapata wazimu, mmoja wao akiwa huku Birmingham, kwenye kitanda cha upande wa dirisha. Alijaza viwanja. Akaenda jeshini kama wavulana wote wa kwao, akarudi, akakuta mashabiki wamehamia kwa watoto wengine wenye nywele za rangi nyingine. Katika ziara yake ya mwisho sauti ilimkatikia jukwaani. Hakuimba tena. Akanyoa, akavaa suti, akafungua kampuni yake mwenyewe kwenye jengo la vioo, na sasa yeye ndiye anayekaa nyuma ya meza na kuwaambia watoto wa wenzake, "Asante, unaweza kwenda."

Siku alipotangaza hayo, Yaya Riziki alilia kuliko alivyolia kwenye msiba wa babu. Kisha akafuta machozi akasema, "Mtu mzima hujua wakati wa kukaa nyuma ya meza."

Mimi nikadhani ni maneno tu. Ole wangu!

Maana mwajua wenyewe Yaya Riziki alikuwa nani katika korali hii. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiwafanya kina mama waanguke kabla hata mahubiri hayajaanza. Halafu ikatokea ile harusi ya mwaka jana, sauti ikamkatika katikati ya wimbo wa bibi harusi, na mtu fulani mwenye simu, ambaye Mungu anamwona na mimi pia ninamwona kutoka hapa niliposimama, akatuma video yake kwenye magrupu ya korali zote za Wakongomani hapa mjini. Tangu siku hiyo Yaya hakuimba. Wala hakulia. Aligombea urais wa korali, mkampa. Mlimpa kwa makofi! Mlijua mnatutenda nini sisi?

Jumamosi ya kwanza tu alituingiza ukumbini, akatupanga mbele ya milango ya vioo, nje watu wa mtaa wa Castle Vale wakipita na mbwa wao, wakisimama kututazama. Mbwa walikuwa na huruma kuliko rais wetu. "Tena!" anasema. "Mkono wa kushoto, tena!" Kucheka marufuku. Simu kwenye kapu. Maandazi ya Tantine Odette, ambayo ndiyo yaliyotuleta wengi wetu kwenye wokovu, marufuku kabla ya mazoezi. Wapiga gitaa wakaambiwa wapumzike, muziki utatoka kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta haichelewi basi. Kila wiki akatupanga kwa ubora, wa kwanza mpaka wa mwisho, akatutangazia kwa sauti. Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho, kwa ajili ya tabia. Wa mwisho kabisa alikuwa Tantine Odette.

Kwa wageni: Tantine Odette ni mdogo wake mama yetu. Ameimba katika korali tangu kwetu Uvira, akaimba katika kambi ya wakimbizi, akaimba huku. Na tuseme ukweli mbele za Mungu, haimbi vizuri. Huanza wimbo anapopajua yeye, na wimbo humfuata ukichechemea. Lakini hajawahi kukosa. Katika miaka yote hiyo alikuwa anamwombea mwanawe, Josué, aliyebaki kambini, na karatasi zake za kuja huku zikawa zinaenda na kurudi mpaka tukazoea kuombea jina bila kukumbuka sura.

Na Josué akafika! Haleluya! Akafika, mrefu, mwenye aibu, na koti la kuazima. Tantine akaomba Jumapili ya shukrani.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo nilipotaka kuihama familia. Jumamosi kabla ya shukrani hiyo, baada ya mazoezi, Yaya Riziki alimwita Tantine mbele yetu sote.

"Tantine, kesho tutarekodi video. Nimeona ni vizuri wewe usisimame kwenye mstari. Utagawa tishu kwa wageni."

Kuna kitoto kiliacha kufunga viatu.

Tantine akasema, "Tishu."

"Ni kwa ajili ya ubora, Tantine. Ni kesho tu."

"Weye Riziki, mimi nilikuogesha."

"Najua, Tantine."

"Haya, mama." Akavua kitenge cha korali, akakikunja taratibu, akakiweka juu ya kiti, akaenda kumtafuta mwanawe. Angepiga kelele ningefurahi! Tantine ni mtu wa kupiga kelele hata akikaribisha chai. Ile "haya, mama" ilinifuata mpaka kituoni.

Njiani kwenye basi nilimwambia Yaya, "Umemtoa mtu kwenye shukrani ya mtoto wake mwenyewe."

"Sijamtoa. Ataingia na familia."

"Na Mkorea wako atakupa nini? Cheti?"

"Yeye angefanya hivyo hivyo," akasema, akageukia dirishani. Nikamwona kwenye kioo. Hakuwa na uso wa mkurugenzi. Alikuwa na uso wa mtu anayeogopa kufungua mdomo. Lakini nilikuwa na hasira, nikamwachia dirisha lake.

Jumapili ikafika. Mwajua desturi yetu, wala sikuitunga mimi. Mwenye shukrani anaingia na watu wake wakicheza kutoka mlangoni, akifika mbele anaanzisha wimbo wake mwenyewe, kwa koo lake mwenyewe, na korali inampokea. Awe na sauti ya njiwa au ya mlango, anapokelewa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, ndivyo ilivyokuwa kambini, ambako hapakuwa na umeme wa kompyuta.

Dada yangu, msomi wa chuo kikuu, yeye alisahau. Au hakusahau, alidhani anaweza kuipanga. Tantine alipofika mbele amemshika Josué mkono, Yaya, nyuma ya meza yake, akabonyeza kompyuta, muziki ukalipuka, nasi tukaanza mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Na Tantine naye akafumba macho akaanza wimbo wake. Ulikuwa wimbo mwingine! Wa zamani, wa polepole, na kaupata chini kabisa, mahali ambapo hakuna kompyuta iliyowahi kufika. Ikawa vita. Wazee wakatazamana. Papa Mchungaji akafungua Biblia ambayo ilikuwa tayari imefunguliwa.

Mimi nilikuwa nimepangwa ukutani, kama mnavyojua, kwa ajili ya tabia. Waya wa umeme ulipita miguuni pangu. Sitasema mengi. Muziki ukazimika.

Nikadhani nimeokoa! Kumbe ndiyo kwanza nimeharibu. Kwa sababu Tantine akabaki peke yake, akafika mwisho wa mstari wake, mahali pa kupokelewa, na korali yote ikamtazama Yaya Riziki ikisubiri ahesabu. Tulikuwa tumefundishwa hivyo! Hatukujua tena kuingia bila moja, mbili, tatu. Watu wazima na watoto, midomo wazi, kama samaki wa dukani. Tantine akarudia ule mstari. Sauti ikamtetemeka. Josué akatazama viatu vyake. Nami nikajaribu kumpokea, nikatoa kitu kama mlio wa birika, nikanyamaza. Tantine akavuta pumzi ya tatu, nikaona anafumba mdomo. Anaacha! Miaka yote ya kuomba, mtoto amesimama hapo hapo, na mama anaacha shukrani yake kwa sababu hakuna wa kumwitikia!

Ndipo ikatoka sauti kutoka nyuma ya meza.

Hakumrekebisha. Hakumpandisha. Aliishika ile noti ya Tantine, ile ile mbovu, akasimama juu yake kana kwamba ndipo wimbo ulipoumbwa. Na ilipopata mtu wa pili, ndugu zangu, haikuwa mbovu tena. Yaya akatoka nyuma ya meza akiimba. Katikati sauti ikamkatika, vile vile kama harusini, kila mtu akasikia. Naye akaendelea! Akameza mate, akaendelea na kilichobaki. Tantine akafumbua macho, akamwita kwa kidole, akamshika mkono uliobaki. Hapo sisi wote tukaingia, bila kuhesabiwa, mmoja mmoja, wapiga gitaa wakakimbilia magitaa, na Mama yangu akatupa viatu. Aliyekuwa na video afute, maana mimi pia nimo, nalia kwa mdomo wazi.

Baadaye jikoni, tukila maandazi, Yaya alinisogelea. "Ni wewe uliyechomoa waya."

"Ni Roho."

"Roho ana kidole gumba cha mguu?"

Tantine akadakia, mdomo umejaa, "Weye Riziki, leo umeimba vibaya kama mimi. Sasa uko mutu wa korali." Akamfunga kile kitenge kiunoni, yeye mwenyewe akabaki na gauni lake la shukrani.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Tantine Odette. Namshukuru kwa ajili ya Josué, ambaye anaimba kama mamake, Bwana atusaidie. Namshukuru kwa ajili ya dada yangu, ingawa bado anatuchosha na mkono wa kushoto, na bado ananiudhi, na picha moja imebaki nyuma ya mlango. Siing'oi. Siku hizi naitazama nikivaa soksi, namhurumia. Yule mtu amekaa nyuma ya meza yake Seoul, na hakuna mama yeyote anayeruhusiwa kuingia pale na kuanza wimbo chini. Mwombeeni.

Na wewe uliyekaa hapo na shukrani yako moyoni, unaogopa kwa sababu sauti yako haifai, au kwa sababu ilishawahi kukatika mbele za watu wenye simu, nakuomba mwamini Yeye, na kidogo utuamini na sisi. Njoo Jumapili. Anzia popote unapopata. Tutakufuata huko huko.