Jina la Tekla Linapoitwa

Risala ya walimu na wanafunzi wa Shule ya Msufini, Kawe, kwa Bwana Shauri, mkuu wa Wilaya, mwaka 1953. Msomaji: Mwalimu Nikodemu.

Mgeni rasmi, Bwana Shauri, pamoja na Jumbe wetu na wazazi mliofika, shikamooni.

KARIBU

Tunakushukuru kwa kufika, ijapokuwa gari lako lilikwama mchangani na darasa la nne likalisukuma. Kiti ulichokalia na madawati yote unayoyaona ni kazi ya Fundi Apolinari, mzazi mwenzetu. Hakutaka malipo. Tunalitaja hili kwanza kwa sababu ni haki yake.

SHULE YETU

Tulianzia katika banda la kukaushia nazi za mbata. Wenyeji wa hapa na wenzetu waliotoka bara walileta miti na makuti, tukajenga. Ukuta unaotenga darasa la tatu na stoo ya majembe haufiki juu, maana masika ilitukuta kabla hatujaumaliza. Hata hivyo watoto wanasoma, na mihogo ya shamba la shule imestawi.

LINALOTUSUMBUA

Tekla, binti wa Fundi Apolinari, yuko darasa la tatu. Alikuwa akija na uso uliovimba. Tulipomuuliza alisema ameanguka. Mama yake tulikutana naye kisimani, mkono kaufunga kitambaa, naye akasema ameanguka. Katika nyumba ile watu huanguka sana.

Baada ya Pasaka Tekla hakuonekana tena. Hapa kwetu mwalimu akiita jina la asiyekuwapo, wenzake humjibia: mgonjwa, au kaenda shamba. Mwalimu Kasiani alipoita jina la Tekla, darasa zima lilijibu kwa sauti moja: "Yupo!"

"Yupo wapi?"

Kwenye dawati lake wenzake walikuwa wamebanana, wameacha nafasi ya mtu mmoja.

"Mnanichezea, siyo?"

"Hatukuchezei, mwalimu," alisema Rosalia, anayekaa jirani na nafasi ile. "Yupo. Wewe humwoni tu."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Ubao ukifutwa jioni, asubuhi tulikuta hesabu zimefanywa, tena sahihi. Mihogo ya kuchemsha ilitoweka. Mwalimu Kasiani alianza kuliruka jina lile, na watoto walilitaja wenyewe na kulijibu wenyewe, taratibu, bila kucheka.

Bi Somoe, anayetuuzia vitumbua, ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwetu. "Hilo jini, wanangu. Na jini halina darasa, litawahitimisha nyinyi."

Tukamwita Mwalimu Fakihi wa chuo cha Kurani. Alikuja na chetezo, akafukiza ubani na kusoma dua, na sisi tusio Waislamu tukasali kimoyomoyo. Moshi ulijaa darasani, ukapanda, ukavuka ule ukuta usiofika juu. Upande wa pili kitu kikakohoa.

Hakuna aliyesogea. Kikakohoa tena.

"Eh!" Bi Somoe akasema. "Tangu lini jini likapaliwa na ubani?"

Tulifungua stoo. Tekla alikuwa nyuma ya majembe, amelalia magunia, mgongo wake umejaa alama ambazo hatutazieleza mbele ya watoto. Wenzake walikuwa wakimlisha. Sisi tulileta ubani; wao walikuwa wameshajua anachohitaji.

Hatujui ni nini kinachompata Fundi Apolinari anapoingia nyumbani kwake, na hatutaki kumhukumu. Jana tulimwendea, tukamweleza kwamba tutayasoma haya mbele yako, asije akadhani tunamsengenya. Hakuacha kupiga randa. Alisema, "Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Mtoto ni wangu. Hata akivunjika ni wangu."

Mkewe alikuwa mlangoni. Alitutazama mpaka tulipotoweka machoni pake.

TUNACHOOMBA

Bwana Shauri, amri tuliyopewa inasema mtoto aliyetoroka kwao arudishwe mkononi mwa baba yake, na mwalimu atakayemficha atashtakiwa; nasi hatujamrudisha Tekla. Amri hiyo haituagizi tumuulize mtoto ametoroka nini. Tunaomba ituruhusu kuuliza, na kungoja jibu kabla ya kumshika mtoto mkono. Watoto wengine hapa wana majibu. Darasa la pili nalo limeanza kuacha nafasi kwenye dawati moja, na bado hatujajua ni ya nani.

Kwa Tekla, tunaomba ruhusa yako akae kwa Bi Somoe, aliyekubali kumlea na kumleta shule. Mama yake naye apelekewe mtu wa kumsikiliza, akiwa peke yake, si mbele ya mumewe.

Risala ikiisha, desturi ni wageni kupiga makofi na kila mtoto kuondoka na mzazi wake. Leo tunaomba makofi yangoje. Tekla yumo katika mstari wa darasa la tatu, katikati, wenzake wamemzunguka na wameshikana mikono. Fundi Apolinari amesimama langoni. Hatuna tena pa kumficha, wala hatutaki kumficha tena. Tunaomba neno lako sasa, tukiwa tumesimama hivi hivi, na baba yake alisikie.

Mungu akupe afya, akulinde njiani, na akuwekee neno jema kinywani.

Ni sisi,
Walimu na wanafunzi wote wa Shule ya Msufini, Kawe, pamoja na Tekla.