Kiti cha Mama Sukuma

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, mpimaji wetu mkuu wa nguvu za mapaja anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba. Idara nzima ya Tiba ya Viungo inamjua kwa jina moja tu, Mama Sukuma, na hata keki imeandikwa hivyo.

Kazi yake inaelezeka. Mgonjwa mwenye goti lililosagika anakaa kitini, anafungwa mkanda kifundoni, kisha anasukuma mguu mbele kwa nguvu zote huku mashine ikiandika kilo. Akifika mwisho wa uwezo wake, paja hupigwa shoti ndogo ya umeme. Kilo zikipanda ghafla, ujue nguvu zilikuwepo ila hazikutumika, maana goti likiuma mwili hulizuia paja lisifanye kazi yote. Kwa hiyo Mama Sukuma alipiga marufuku kuandika "hana nguvu" kwenye faili la mtu. Tuliandika "zimelala", na zilizolala huamshwa kwa mazoezi.

Jina alipewa na sauti yake. "Sukuma! Usiachie! Bado kidogo!" ilifika hadi chumba cha meno jirani na kukipita. Mwaka wake wa nne kazini, mjamzito mmoja aliifuata sauti hiyo, akakaa kwenye foleni yetu na kutoa kadi ya kliniki. Alielekezwa wodi husika kwa heshima zote. Uongozi ukamwandikia Mama Sukuma barua ya kumtaka apunguze sauti. Aliibandika ukutani, juu ya kiti, na wagonjwa wakawa wanaisoma wakisubiri kupigiwa kelele.

Kila asubuhi, kabla ya kumfunga mtu yeyote, alining'iniza dumu la maji la lita ishirini kwenye mashine. Mashine ikisema kumi na tisa, hapimwi mtu. Siku moja mkurugenzi mwenyewe alisubiri fundi kwa dakika arobaini, kaptura mwilini, magoti nje, mbele ya wahasibu wawili. Hatimaye akasukuma, shoti ikapigwa, kilo zikaruka. Mama Sukuma alimfahamisha kwa adabu kwamba nusu ya nguvu ameiacha nyumbani.

Sasa hili nalo lazima lisemwe, potelea mbali. Kwa miaka mitatu amekuwa akishuka ngazi kiubavu, na ukimuuliza anasingizia viatu. Binti yake anaishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na mjukuu ametimiza mwaka bila bibi kufika kwao hata mara moja. Kila Jumapili bibi ana ripoti za kumalizia. Ripoti hizo sisi hatujawahi kuziona.

Mimi ninayeandika haya nimekuwa msaidizi wake kwa miaka tisa, na ndimi ninayerithi chumba. Jumatatu iliyopita, siku ya makabidhiano, nilimwambia sipokei kiti bila kuonyeshwa kinavyofanya kazi. Alikaa. Nilining'iniza dumu kwanza, ishirini kamili, maana namjua. Akasukuma kilo kumi na moja. Shoti ikazifikisha ishirini na tatu. Akasema mkanda umelegea. Tukarudia. Akasema ni mashine. Mara ya tatu nikampigia kelele alizonifundisha mwenyewe, hadi daktari wa meno akaja kuchungulia. Kumi na moja na nusu. Aliitazama karatasi ya mashine, machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka, tusidanganyane. Kisha akavuta faili jipya, akaandika jina lake, na chini yake: zimelala.

Mama, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutuvumilia. Tunakuombea maisha mema na marefu, yenye ngazi nyingi. Zoezi lako la kwanza ni Jumanne saa mbili asubuhi. Njoo na kaptura. Binti yako tumeshamwambia akutegemee baada ya wiki kumi na mbili, ghorofa ya nne, kwa miguu yako mwenyewe. Na hiyo Jumanne ukiwahi kufika, ile barua bado iko ukutani. Isome ukisubiri.