Majaketi Yalirudi Makavu

Mauri, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Tabuaka Ioane wa hapa Ronton, aliyekuwa akiwapeleka wageni kutazama ndege. Tabuaka alizama Jumanne. Alijua kuogelea kuliko sisi sote, na alizama.

Tangu hajaanza shule aliwapenda buabua weupe, wale ndege wa baharini. Mnawajua. Hawajengi kiota. Yai moja tu, juu ya tawi tupu. Ndege akishtuka, yai linaanguka. Ndiyo maana vijana wetu huacha boti mbali, wakaenda kwa miguu hadi kile kisiwa cha ndege, maji kiunoni. Na yale majaketi mekundu ya kuokolea huyaacha botini, eti rangi inawatisha ndege.

Mama yake, Nei Teburea, hakuwahi kulikubali hilo. Jumanne asubuhi alimfuata hadi ufukweni, jaketi mkononi.

"Vaa, baba."

"Mama, nikivaa hilo buabua watadhani moto umekuja."

"Wadhani! Wao watataga yai jingine. Mimi nitakuzaa wapi tena, na uzee huu?"

Tabuaka akacheka. Akalichukua ili mama anyamaze, akalitupa botini juu ya mengine.

Kisiwani walimwona kinda akilishwa samaki. Binamu yake Tiaon alikuwepo. Anasema, "Tabuaka alitunong'oneza, 'Msipumue.' Mgeni mmoja alilia kwa furaha."

Halafu maji yakajaa. Nanga ikang'oka. Boti ikaanza kuelekea bahari kuu, na Tabuaka akajitosa kuifuata.

"Nilimwita arudi," anasema Tiaon. "Akanijibu, 'Nikirudi bila boti, mama atanisema hadi Krismasi.'"

Mkondo ulimzidi. Tiaon na wageni walichukuliwa na wavuvi jioni. Boti iliokotwa kesho yake. Majaketi yote yalikuwamo, wasikilizaji. Yote, makavu.

Jana nilimkuta Nei Teburea msibani. Lile jaketi la juu amelipakata, hata chakula anakula nalo. Aliniambia, "Wewe una redio, na una watoto. Waambie ndege watazoea rangi nyekundu. Mimi sitazoea hivi."

Pole, Nei Teburea. Pole, Tiaon na ukoo wote. Mungu awashike.

Na wewe mama unayenisikiliza: kesho asubuhi kuna boti inayokwenda kwa ndege. Nenda ufukweni. Mwanao atakucheka, mwache acheke. Usiondoke mpaka umemfunga mikanda ya jaketi kwa mikono yako mwenyewe.