Taa ya Mlango wa Tembe

Gari moshi lilipoondoka Dodoma, mzee wa Kigogo aliyeketi mbele yangu alikuwa amepakata taa mpya ya mafuta kama mtoto mchanga. Aliitwa Ndahani, na alijitambulisha kwa kila aliyeitazama taa.

"Ni amri ya akida wa serikali," alimweleza Mwantum, mama wa Kirangi aliyeketi ubavuni pake na mtungi wa asali. "Kila nyumba ya kando ya barabara itundike taa mlangoni. Lakini zizi ni marufuku, lisije likashika moto."

"Basi wewe tundika, baba. Una nyumba."

"Nina tembe, mama, kuta za udongo na paa bapa. Mlango ni mmoja tu. Naingia mimi, na ng'ombe nao wanaingia humo humo."

Mwantum alicheka hadi mtungi ukayumba. "Kumbe ni zizi!"

"Mke wangu anapika humo. Asikusikie!"

"Haya, ni nyumba."

"Ng'ombe thelathini wanalala humo."

Akida huyo alitoka pwani. Nadhani hajawahi kulala chumba kimoja na ndama.

"Na askari akija kukagua?" Mwantum aliuliza.

"Anakuja kesho. Achague mwenyewe. Akisema nyumba, nawasha. Akisema zizi, nazima."

"Akisema vyote viwili?"

Gari likasimama Kikombo. "Kwa vyote viwili nimejiandaa," Ndahani alisema akiinuka na kutabasamu, na hapo ndipo nilipoona kengele mpya ya ng'ombe ikining'inia kwenye kishikio cha taa. Alishuka, akashika njia, na taa ya serikali ikaenda ikilia kama ng'ombe anayerudi nyumbani.