Binti wa Spoku na Mashindano ya Nyuklia

Kijiwe chetu kipo Somanda, ukitoka hospitali unashuka kidogo, pale penye cherehani yangu. Benchi ni langu, kahawa ni ya Felisita, na maneno ni ya kila mwenye mdomo. Wanaokuja kila siku ni watatu. Yupo Boniventura, tunamwita Bunge kwa sababu akishika hoja haiachi mpaka watu waondoke. Yupo Joakim wa bodaboda, huyo ni Antena, ananasa habari hata zisizorushwa. Na yupo Luhende fundi baiskeli, Spoku, ambaye tangu amzike mkewe mwaka juzi huongea akichokozwa tu. Ukituona kwa mbali utadhani tuna raha sana. Ukweli ni kwamba kila mmoja wetu ameukimbia ukimya wa nyumbani kwake, na mimi ni wa kwanza, maana simu yangu ikiita ujue ni mteja anaulizia suruali yake.

Jana saa tisa alasiri Spoku alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya benchi.

Spoku: Nishaurini. Maximiliana wangu ameshinda mashindano ya shule za sekondari. Wa kwanza mkoa mzima. Anatakiwa Dodoma kwenye fainali, na kesho asubuhi mwalimu anakusanya fomu zenye saini ya mzazi.

Antena: Oya, Maxi katisha! Mashindano ya nini, mbio?

Spoku: Nyuklia.

Felisita akasimamisha birika hewani.

Bunge: Usisaini, ngosha. Hilo ni bomu. Wanaanza na mtoto wa kidato cha tatu, wanampa fulana na cheti, akimaliza shule anaweza kuilipua Mwanza yote akiwa amekaa hapa hapa Bariadi anakunywa uji.

Antena: Acha kutupiga kamba. Nyuklia ni umeme. Kuna abiria nilimbeba, mtu wa ofisini kabisa, akaniambia kipande kama punje ya choroko kinawasha Simiyu nzima, Meatu mpaka Busega, na mwaka unaisha haujakatika.

Mimi: Mtu wa ofisini akapanda pikipiki yako isiyo na breki?

Antena: Breki ipo, fundi, inataka kuzoeleka tu.

Bunge: Haya, umeme. Hiyo punje mtoto ataiweka wapi? Mfukoni! Atarudi anang'aa, ng'ombe wakimwona wanavunja zizi.

Antena: Wewe hujui lolote. Hiyo mionzi yao inasaidia hadi kilimo. Wanachukua wadudu madume, wanawapiga mionzi, wakirudi kwa majike hakuna kinachozaliwa. Ndivyo watakavyowamaliza funza wa pamba.

Bunge: Mmemsikia? Kasema mwenyewe! Madume hayazalishi! Leo funza, kesho Wasukuma. Ndiyo maana wameanza na wanafunzi, hao ndio mbegu. Baada ya miaka thelathini hapa watabaki ng'ombe watupu, wanajichunga wenyewe.

Antena: Na diwani wao fahali.

Tulicheka mpaka Felisita akamwaga kahawa. Spoku hakucheka. Alingoja tunyamaze, na alingoja sana, kwa sababu sisi kunyamaza ni kazi.

Spoku: Mmemaliza? Bomu mimi silijui. Mionzi naijua. Mama Maxi alipigwa mionzi ya saratani kule Mwanza, hospitali. Ngozi ya kifuani ilibabuka, ikawa nyeusi, hata kanga ikimgusa analia. Mimi ndiye niliyekuwa nampepea. Akafa. Sasa kitu kilichommaliza mama yake, nimsainie akakishindanie?

Niliona aibu. Tulikuwa tumechezea kitu ambacho mwenzetu alikuwa amekibeba peke yake mwaka na zaidi, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza mkewe alikufaje.

Nikaichukua ile fomu, maana miwani ya kazi nilikuwa nayo usoni. Spoku alikuwa ameishia kwenye neno nyuklia akaikunja. Nikasoma kwa sauti: jina, shule, kidato. Halafu nikafika mstari wa kichwa cha insha, kumbe walichoshindania ni kuandika.

Mimi: "Mionzi Ilivyotuachia Mama Miezi Kumi na Moja Zaidi."

Spoku: Soma tena.

Nikasoma tena.

Spoku: Kumi na moja. Kumbe alikuwa anahesabu.

Pembeni ya cherehani alikuwepo mama mmoja mgeni. Zipu ya begi lake ilikufa njiani, nilikuwa nimeibadilisha namalizia mshono wa mwisho ili awahi gari la Mwanhuzi. Muda wote huo alikuwa anatusikiliza.

Mama: Mwadila, baba. Mnisamehe, mimi si wa hapa. Huyo mtoto mwenyewe anasemaje?

Spoku: Kuhusu nini?

Mama: Kuhusu kwenda. Na kuhusu mama yake.

Spoku: Sijamuuliza.

Mama: Tangu lini?

Spoku: Tangu msiba.

Mama: Mnaishi wangapi hapo nyumbani?

Spoku: Wawili.

Nilikata uzi, nikampa begi lake. Akashukuru, wabeja, akavuka barabara kwenda stendi. Tulimtazama mpaka akapotea.

Spoku: Siyo kwamba simpendi. Akitoka shule ananikuta nimekaa. Shikamoo baba, marahaba. Chakula kipo kwenye sufuria. Basi. Yeye na daftari lake, mimi na redio yangu. Kila siku nasema leo nitaongea naye, taarifa ya habari inaisha, anazima taa, sijasema.

Akageuka akatutazama. Sijawahi kuona mtu anauliza kitu kwa shida vile.

Spoku: Nyie mnajua kuongea. Mkifika nyumbani, mnaanzaje?

Bunge alimnyooshea Felisita kikombe aongezewe. Ana watoto sita, na jina la shule ya yule wa mwisho siku moja aliniuliza mimi. Antena alitazama barabarani kama kuna abiria anamwita, na barabara ilikuwa tupu. Mimi nina kijana wangu Arusha, mara ya mwisho tulipoongea ilikuwa Pasaka, tukaulizana hali ya hewa. Nikamrudishia Spoku fomu yake, wazi, bila kuikunja.

Yeye alikuwa bado anatutazama, mmoja baada ya mwingine, anangoja tumwambie.