Kadi Iliyosingiziwa Ugoigoi

Treni ilikuwa imebakiza kituo kimoja kufika penye duka la kompyuta, na mama mshonaji alikuwa amelipakata boksi la kadi ya picha, ile ya kuchorea picha ndani ya kompyuta, kama mtoto mgonjwa. Kila Jumapili alikutana na binti yake aliye ng'ambo ndani ya mchezo wa kompyuta, lakini hata baada ya kununua kadi hiyo, mchezo ulizidi kukwamakwama.

"Kadi hii goigoi. Nairudisha leo," alimwambia abiria wa kando yake, fundi wa kompyuta, ambaye hakuwa ameuliza.

"Na prosesa, ule ubongo wa kompyuta yako, je, mama?"

"Ya zamani, lakini haijawahi kunilalamikia."

"Basi kadi unaionea, inangoja kazi kutoka kwa prosesa. Mkataji wa vitambaa akisinzia, mshonaji hodari atashona nini?"

"Atakaa tu. Mkataji huyo namjua, nimeolewa naye."

"Basi ipunguzie prosesa mzigo. Punguza wapita njia mle mchezoni, maana prosesa ndiyo inayowatembeza; picha ziache zing'are, hiyo ni kazi ya kadi."

"Kumbe! Mimi nilizififisha picha, wapita njia nikawaacha wote!"

Milango ilifunguka. "Ahsante sana, mwanangu. Kesho nitamwona binti yangu vizuri."

Alishuka, akavuka kwenda kungoja treni ya kurudi nyumbani, huku akiligombeza boksi, asije mtu akadhani kwamba amekubali kushindwa.