Risala ya Wakazi Kuhusu Chemba Tuliyoifunika na Mguu wa Mama Cherehani

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Idara ya Maji Safi na Maji Taka. Maofisa mliofuatana naye. Mwenyekiti wetu wa mtaa. Majirani, wakubwa kwa wadogo.

KARIBU

Sisi wakazi wa mtaa huu tunakukaribisha. Kiti ulichokalia tumekiazima kwa seremala na mguu wake wa nyuma umelegea, kwa hiyo usiegemee sana. Maji uliyopewa yamechemshwa.

Risala hii ilikuwa isomwe na mwenyekiti. Aliandika yake, safi kabisa, ina shukrani kila baada ya mstari. Jana tulipokaa kuisikiliza tukamwambia, "Mzee, ni nzuri, lakini humu ndani Mama Cherehani hayumo." Akaikunja karatasi yake. Halafu akasema, "Basi andikeni wenyewe." Kazi imeniangukia mimi, fundi viatu wa hapo kona. Shule niliiacha mapema. Ukisikia neno limekaa vibaya, chukua maana yake, neno lenyewe liache.

TULIPOTOKA

Chemba unayoiona pale mbele, yenye mfuniko wa bluu, ni ya idara yako. Mabomba ya maji taka ya nyumba zetu zote yanakutana humo. Mwaka jana mvua zilipoanza iliziba, ikafurika hadi vibarazani. Tuliwaita vijana wako, wakaja, wakazibua. Tunasema ukweli, kazi yao ilikuwa nzuri. Ila mfuniko wa zege ulikuwa umepasuka, wakaupakia vipande vipande kwenye gari.

"Mwingine unakuja lini?" mama mmoja akawauliza.

"Wiki hii hii, mama. Ondoa shaka."

Hawakurudi. Sisi tukachomeka fimbo, tukafunga kitambaa chekundu. Tukaja ofisini kwako. Tukaambiwa mhusika yuko likizo. Tukaja tena, tukaambiwa mifuniko imeagizwa. Mara nyingine mlinzi hakungoja hata tuseme, aligeuka akawapigia kelele wa ndani: "Watu wa chemba wamefika!" Wakacheka huko ndani. Na sisi tukacheka, maana ukienda kuomba lazima ucheke na wenyeji.

Kisha ikanyesha mvua kubwa. Fimbo ikaondoka na maji. Maji yakalala njia nzima, chemba na njia vikawa kitu kimoja.

Ndipo alipopita Mama Cherehani, mshonaji wetu, anapeleka sare za shule kwa mteja, mfuko kichwani. Mguu wa kulia uliingia wote mpaka nyonga. Mwili ukaangukia upande, mguu ukabaki umeshikwa. Sisi tuliomtoa tunaijua sauti tuliyoisikia, na watoto wapo hapa, hatutaisema. Hospitali walihangaika na mfupa. Lakini wewe ni mtu wa maji taka, unajua mle mna nini. Kidonda kikaoza. Wakaukata juu ya goti.

TULICHOFANYA

Sasa tumefika kwenye mafanikio yetu, haya uliyokuja kutupongeza leo kwa cheti.

Jioni ileile ya ajali, wengine walimpeleka hospitali, wengine tulibaki tukilitazama lile shimo, maji yakipungua. Watoto hupita hapo asubuhi kwenda shule. Hakuna aliyetaka kulala akiwa na wazo hilo. Fundi wetu wa kuchomelea, tunamwita Cheche, akaenda kwake akang'oa geti la nyuma.

Mkewe akamuuliza, "Na wezi je?"

"Wezi wanaiba redio," Cheche akasema. "Hili linaiba watu."

Akalikata, akalichomelea kwa kipimo cha chemba. Wanaume wakakoroga saruji, tukaupigilia mfuniko usitikisike. Kina mama wakaleta ndoo na sabuni, wakasugua damu kwenye ukingo na kwenye ukuta wa jirani, mpaka pakawa pasafi kuliko sebule zetu. Siku iliyofuata tukapaka rangi ya bluu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Hakuna aliyepiga picha. Mikono yote ilikuwa na kazi. Na tuseme wazi, tulijiona watu wa maana sana.

YALIYOTUKUTA

Mama Cherehani alipotoka hospitali, dada yake mkubwa alimpeleka idarani kwako kudai fidia. Ofisa wako wa madai akaja kukagua. Kijana mpole, ana adabu, salamu alimpa kila mtu. Akasimama juu ya mfuniko, akaudundadunda kwa kisigino.

"Shimo lenyewe liko wapi?"

"Umelikanyaga," Cheche akamjibu.

"Nimekanyaga mfuniko, mzee wangu. Tena imara kuliko ya kwetu."

"Tumeuweka sisi, baada ya mtu kuumia."

"Nani alishuhudia?"

"Mtaa mzima!"

"Mtaa mzima ni majirani zake. Mimi naandika ninachokiona."

Akaandika alichokiona. Jibu likaja kwamba madai yamekataliwa, kwa kuwa chemba ilikutwa imefunikwa na hakuna dalili kwamba iliwahi kuwa wazi.

Tukaenda kwa mwanasheria anayesaidia wasio na uwezo. Alisikiliza yote, kalamu mkononi, haandiki.

"Nani aliwaambia mfunike kabla hapajakaguliwa?"

Hakuna aliyetuambia.

"Hata damu mliosha?"

"Kwa sabuni," akajibu mama mmoja wetu, na hapo hapo akaanza kulia.

Mwanasheria akasema rufaa inafungwa Ijumaa hii. Bila jambo jipya la kuonyesha, itatupwa, na baada ya hapo hakuna mlango mwingine.

Mgeni rasmi, hilo ndilo kosa letu. Tulizika ushahidi wa mwenzetu kwa mikono yetu, kwa saruji tuliyoichangia. Labda wapo watu wanaoweza kuacha shimo linalokula watu likae wazi mpaka mkaguzi afike. Sisi hatukuweza.

Nikueleze anavyoishi sasa. Cherehani yake ni ya kukanyaga, nayo inataka miguu miwili. Sasa dada yake hukaa sakafuni chini ya meza, anasukuma pedali kwa mikono, na mwenyewe anaongoza kitambaa juu. Ukipita dirishani utawasikia.

"Polepole, dada, nafika kwenye kona!"

"Nikienda polepole tutakula nini?"

"Na ukienda mbio nitashona kidole!"

Wanacheka, halafu unasikia hawacheki tena. Dada mtu mabega yamevimba. Wateja wa sare wamehamia kwingine, hatuwalaumu, shule hazingojei.

Mwezi uliopita alikuja kibandani kwangu kwa magongo. Akaniambia, "Fundi, kuanzia leo nikileta kiatu unanitoza nusu." Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Alipoondoka nilifunga kibanda, sikufanya kazi tena siku hiyo.

TUNACHOOMBA

Tulipopata habari kwamba unakuja, wengi wetu tulitaka jambo moja. Cheche aje na msumeno wake, akate mfuniko mbele yako, shimo libaki wazi, sisi tulizunguke usiku na mchana kwa zamu mpaka ofisa wako arudi aone anachotaka kuona. Tulikubaliana. Msumeno ukanolewa.

Mama Cherehani akasikia. Akaja kwenye kikao, akasimama mlangoni, hakukubali kukaa.

"Msifungue."

"Mama, ni kwa ajili yako."

"Najua. Na zamu zenu nazijua, mlinzi mmoja atakwenda kukojoa na mtoto atapita. Akianguka mtu, mguu wake nitaudai kwa nani? Mlilifunika, liacheni limefunikwa."

Cheche akajaribu kumbishia. Mama akamwambia, "Wewe nyamaza, huna hata geti."

Basi halifunguliwi. Tumemtii. Kwa hiyo hatuna shimo la kukuonyesha, mgeni rasmi, na kilichobaki ni mdomo wako.

Tunaomba ugeuke utazame nyuma yako. Hicho kitambaa kikubwa wamekifunga watu wako asubuhi, hatukukiandika sisi. Kinasema: HONGERENI WAKAZI KWA KUFUNIKA CHEMBA ILIYOKUWA WAZI. Tulipokisoma tulisoma mara mbili. Ofisi yako inayotoa pongezi inajua chemba ilikuwa wazi. Ofisi yako ya madai inasema haikuwahi kuwa wazi. Wanatumia jengo moja, na mkubwa wao wote ni wewe.

Hatuombi mfuniko mpya, huu wa Cheche unatosha. Hatuombi pole, tumepewa nyingi. Hata kiwango cha fidia hatukutajii, hiyo ni kazi ya wanaojua. Tunaomba utakaposimama kutujibu, kabla ya cheti na kabla ya picha, uyaseme haya kwa sauti: kwamba chemba ilikuwa wazi, kwamba ilikuwa ya idara yako, na kwamba mliambiwa. Kisha uyasaini na kuyapeleka kwenye rufaa kabla ya Ijumaa.

Kama huwezi, hatutakuzomea. Tutapiga makofi ya adabu na kukusindikiza mpaka kwenye gari. Ila cheti uondoke nacho. Ukuta wowote tutakaokitundikia, yeye atapita mbele yake kwa magongo.

Mama Cherehani amekaa mstari wa mbele, gauni la kijani, kalishona mwenyewe, dada yake akiwa chini ya meza. Hakutuma mtu akuombe. Tunakuomba sisi tuliomharibia. Ukisimama kusema, usitutazame sisi. Mtazame yeye.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na kila unapokanyaga pawe pagumu.

Sasa tunakaa kimya, tukupishe.

Ni sisi,
Wakazi wa nyumba za pande zote mbili za chemba.